Jiwe Lililovunjwa na Nzi

Vijana wangu, mkinikuta siku hizi hapa Al Mansoura, Doha, kwa binti yangu Kwamboka, nimekaa dirishani na chai ya saa nne kama mtu asiyejua bosi ni nini, msidhani nilizaliwa nimestaafu. Miaka ishirini na miwili nilisimama kwenye jua la nchi hii nikishika fimbo. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu, na sioni haya kuisema hivyo. Mpima ardhi husimama nyuma ya mashine yake ya miguu mitatu, akachungulia kwenye darubini, na kule mbali, mahali anapotaka kujua ni wapi hasa, lazima awepo mtu aliyesimama na fimbo yenye kioo juu. Mtu huyo alikuwa mimi. Barabara kadhaa mnazopita kwenda kazini mimi nilizisimamia zikiwa bado mchanga mtupu.

Ijumaa iliyopita, siku yetu ya mapumziko huku, tulipotoka kanisani, yule mwenzenu anayelinda lango la hoteli aliniuliza, "Mzee Mokaya, kwa hiyo miaka yote, makosa yako kubwa ilikuwa gani?" Mkacheka, mkidhani nitakwepa. Sikwepi. Nimeamua tu kuliandika kosa lenyewe, maana nikilisimulia kwa mdomo Kwamboka hunikatiza katikati na kulimalizia mwenyewe, tena vibaya.

Lakini niwape kwanza makosa madogo, mjue mnaongea na nani. Wiki yangu ya kwanza nilishika fimbo kichwa chini. Ilikuwa ile fimbo ndefu ya namba nyekundu na nyeusi, ya kupimia vimo, na mimi niliona namba ni namba. Mpima wetu alikuwa Msudani mmoja mrefu, mpole, mwenye penseli tatu mfukoni mwa shati kila siku ya Mungu. Jina lake Idris, ila sote tulimwita Muhandis. Akachungulia, akaandika, akachungulia tena. Kisha akaja kwa miguu, polepole, mwendo wa mita mia moja kwenye jua lile, akasimama mbele yangu.

"Mokaya," akasema, "ama Doha imeota mlima leo asubuhi, ama wewe umeishika fimbo kichwa chini."

Hakunipigia kelele. Aliigeuza fimbo, akanirudishia, akarudi kwa mashine yake. Nawaambia, ningependa anipigie kelele.

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kuiyumbisha fimbo kidogo, mbele na nyuma, kama mtu anayembembeleza mtoto, kwa sababu fimbo iliyoinama husoma namba kubwa kuliko haki, na ile ndogo kabisa anayoiona mpimaji ndiyo ya kweli. Alinifundisha kwamba tepu ya chuma iliyoanikwa juani tangu alfajiri inarefuka, basi vipimo vya kubishaniwa vifanywe mapema. Alinifundisha kuitaja namba mara mbili na kungoja mwenzangu airudie. Nimekuwa na tabia hiyo hadi leo. Nikienda dukani kununua mayai namwambia muuzaji "kumi na mawili, kumi na mawili," ananitazama kama kasuku.

Na raha zilikuwepo. Tukipima barabara kule Al Sadd, kwenye maduka na mahoteli, watu walidhani ile mashine ni kamera. Mtu anapita na mifuko yake, anaiona, anasimama, ananyoosha kola na kutabasamu. Familia nzima zilijipanga. Mwanzoni nilijaribu kueleza. Baadaye Muhandis akanikataza. "Waache wafurahi," akasema. Akawa anachungulia kwenye darubini, anawanyooshea kidole gumba, wanaondoka wameridhika. Kuna watu mjini humu bado wanaingoja hiyo picha.

Sasa jiwe.

Nje ya mji, ukishapita Al Rayyan na kuyaacha majumba nyuma, kuna mashamba ya zamani ambayo wenyeji huyaita mazraa. Mtu wa kwetu akisikia shamba anafikiria mahindi na migomba. Huko shamba ni ukuta au uzio katikati ya jangwa, ndani mna mitende, mbuzi, vibanda vya njiwa, kisima, na nyumba ya kupumzikia. Tulitumwa kwenye mazraa ya mama mmoja mjane, mtu mzima sana, aliyeitwa Umm Hamad. Barabara mpya ilikuwa inakuja upande ule, na serikali ilitaka mipaka yote ichorwe upya. Kwingine kote kulikuwa na vyuma na saruji. Kwenye kona moja tu palikuwa na jiwe.

Nilipoliona nilisimama. Mimi ni mtu wa Tabaka, huko Kisii, ambako mawe huchongwa kuwa sahani, viboko na vinyago vya watalii. Baba yangu alichonga, nami nilichonga mpaka nilipochoka kula vumbi. Basi jiwe zuri nalijua. Hili lilikuwa la chokaa, rangi ya maziwa yaliyochachuka, limenifika kiunoni, na upepo wa miaka mingi ulikuwa umelilainisha mabegani. Upande mmoja lilichongwa alama ya duara lenye mkia, upande wa pili alama ya mistari miwili iliyokingamana. Kati yake, juu, mistari mitatu ya maandishi ya Kiarabu, herufi zimesimama juu ya uso wa jiwe, siyo kuchimbwa ndani. Hiyo ni kazi. Kuchimba herufi hata mimi naweza. Kuziacha herufi na kuchimba pote pasipo herufi kunataka mtu mwenye subira.

Dereva wetu, Salim, kijana wa Kisauni, Mombasa, alisoma madrasa, akainama na kutusomea. "Huu ni mpaka wa mashamba ya wana wa Jabir. Mungu ni shahidi." Kisha akanigeukia, macho yamemtoka. "Mzee, unaona hili neno? *Hadd*. Ndiyo *hadi* yetu hii! Hadi Mombasa, hadi kesho. Kumbe tunaongea mawe ya watu na hatujui."

Umm Hamad alikuwa ametoka na bakora yake kutuangalia. Alipoona tunalishangaa jiwe alifurahi, akatueleza habari zake kwa kile Kiarabu chepesi cha kuongea na wafanyakazi, ambacho hata mimi nilikielewa. Wana wa Jabir walikuwa ndugu wawili. Baba yao alipokufa waligawana shamba kwa amani, wakamwita fundi wa mawe, akawachongea jiwe hilo, na kila upande chapa ambayo ndugu wa upande ule aliwachoma nayo ngamia wake. Mume wake marehemu alikuwa mjukuu wa ndugu mkubwa. Mjukuu wa ndugu mdogo alikuwa bado hai, ng'ambo ya uzio pale pale. Aliitwa Abu Saleh.

"Na yeye anasema nini?" Muhandis akauliza, kwa kuwa alishaona kwenye faili kwamba kuna neno.

Uso wa mama ukabadilika. Akasema kwamba Abu Saleh amekuwa akidai kwa miaka mingi kuwa mume wake alilisogeza jiwe hatua sita, siku alipobadilisha waya wa uzio, ili kisima cha zamani kiwe upande wake. Tangu hapo Abu Saleh hajakanyaga nyumba yao. Hata kwenye matanga ya mume hakuingia ndani, alisimama langoni akatoa pole na kuondoka.

"Kisima hicho kilishakauka," akasema. "Mimi sitaki kisima. Mume wangu alikufa anaitwa mwizi wa ardhi. Pimeni vizuri, wanangu. Hilo jiwe ndilo shahidi wangu pekee."

Tukamwahidi tutapima vizuri.

Sasa nisikilizeni hapa, kwa sababu hapa ndipo kazi za watu huharibika, na huwa siyo mahali pa maajabu. Ilikuwa siku ya tatu, karibu na saa tano asubuhi. Muhandis alikuwa na mashine yake upande wa pili wa mitende, hatuoni. Salim alitaka kuleta pikapu karibu na kona ile ili tupakie vigingi. Akarudi kinyumenyume, nami nikasimama nyuma nikimwongoza kwa mkono. Njoo, njoo, kulia kidogo, njoo. Nilijua jiwe liko wapi. Nilikuwa nimeshainua kiganja kumwambia simama.

Nzi akatua puani kwangu.

Nzi wa mashamba ya mbuzi hawana aibu. Nikampunga. Akarudi. Nikampunga tena kwa mkono ule ule, kwa hasira, mara mbili tatu, na Salim kwenye kioo chake akaona Mzee Mokaya anamwita kwa bidii kabisa: njoo, njoo, njoo! Akaja.

Haikuwa kishindo. Ilikuwa sauti fupi, kavu, kama mtu anayevunja kipande cha sukari guru. Jiwe liliinama, likafikiri, likalala chali mchangani. Kisiki chake kikabaki ardhini, kimo cha kiganja kimoja.

Salim alishuka. Nzi bado alikuwa ananizunguka.

"Mzee," Salim akasema hatimaye, kwa sauti ya chini, "hakuna mtu ameona."

Ni kweli. Hakuna aliyeona. Akaniambia tungeweza kulisimamisha juu ya kisiki chake, tukazungushia mchanga, na upepo wa wiki moja ungelilaza wenyewe. Au ngamia. "Ngamia wa hapa wanajikuna kwa kila kitu, nani atabisha?" Sikumlaumu, na nyinyi msimlaumu. Alikuwa na mke na mtoto mchanga Kisauni ambaye hajamshika. Mimi nilikuwa na Kwamboka chuo cha uuguzi, mwaka wa mwisho. Mkataba wangu ulikuwa unakwisha baada ya miezi miwili, na kila mmoja wenu anajua mtu anavyotembea kwa adabu miezi miwili ya mwisho wa mkataba. Nitawaambia ukweli: nililishika lile jiwe mabegani. Nililiinua kidogo. Nilikuwa ninapima uzito wake, kama tunaweza.

Nikaona yale maneno. Sikuyajua kuyasoma, lakini Salim alishanisomea, na ukishasomewa huwezi kusahau ni mstari gani unasema nini. Mstari wa tatu ndio uliosema Mungu ni shahidi. Nikaliachilia.

"Kaa hapa," nikamwambia Salim. "Usiguse kitu. Hata mchanga usikanyage."

Nikaenda kwa Muhandis Idris. Safari hii ni mimi niliyetembea mita mia moja.

Aliponisikiliza hadi mwisho, ikiwa ni pamoja na nzi, alitoa penseli moja mfukoni, akaitazama, akairudisha. Nikangoja. Akauliza jambo moja tu.

"Mmelisogeza?"

"Hapana. Nimeliinua kidogo, nikalirudisha. Kisiki hatujakigusa."

"Basi bado tuna mpaka," akasema. "Lete vigingi vinne na uzi."

Vijana, hili la vigingi vinne lichukueni hata kama hamtapima ardhi maishani. Ukiwa na nukta ambayo utalazimika kuichimba, unapiga vigingi vinne mbali nayo, vyote nje ya sehemu utakayoivuruga. Unavuta uzi kutoka kigingi kimoja hadi cha mkabala, na uzi mwingine kukingama, na pale nyuzi zinapokutana unashusha timazi ielekee katikati kabisa ya nukta yako. Ukishafanya hivyo unaweza kutoa nyuzi, kuchimba shimo, kujenga nyumba hata, na siku ukizirudisha nyuzi, nukta iko pale pale hewani, inakungoja. Tuliviita vigingi hivyo mashahidi. Siku hizi kuna mashine zinazozungumza na setilaiti, mtu mmoja anatembea na fimbo yake peke yake kama mchungaji, namba zinajiandika. Nilifundishwa hizo pia, nilizipenda, hazichoshi miguu. Lakini siku betri inapokufa, vigingi vinne havifi.

Tulipomaliza, Muhandis alifungua daftari lake la kazi akaandika huku akisoma kwa sauti ili sote tusikie: jiwe la mpaka limevunjwa na gari letu, msaidizi aliashiria vibaya. Kisha akaenda kumwita Umm Hamad.

Sitawaficha, nilitamani ardhi inimeze. Mama alikuja, akasimama juu ya lile jiwe lililolala, akaegemea bakora yake kwa mikono miwili. Nikamwambia ni mimi. Nikamwambia kwa Kiarabu changu cha kuokoteza, na kwa kuwa sikulijua neno la nzi, nikaonyesha kwa vidole na kufanya "zzzz."

Mama alivitazama vidole vyangu. Kisha mdomo wake ukaanza kucheza.

"*Dhubana*," akasema. "Anaitwa *dhubana*. Nimeishi na hao miaka sabini, nawajua." Kisha tabasamu likamwishia, akaanza kulia, taratibu, bila sauti. Hapo ndipo nilipoumia. Angenitukana ningejua pa kusimama.

Na Abu Saleh akawa ameshafika kwenye uzio. Habari kwenye jangwa husafiri haraka, sijui kwa njia gani. Mzee mwembamba, kanzu nyeupe kama karatasi, ndevu zimechongwa vizuri. Aliinamia jiwe, akakitazama kisiki, akasimama wima kama mtu aliyeshinda kesi.

"Si niliwaambia?" akasema. "Jiwe lililowekwa na babu zetu lingeanguka kwa kugongwa na kigari hiki? Lilipachikwa tu mchangani, juzi juzi. Chimbeni! Chimbeni muone kama lina mizizi."

Umm Hamad akafuta uso. "Chimbeni," naye akasema.

Muhandis akanitazama, nikapiga magoti. Sikutumia sururu. Nilichimba kwa mwiko mdogo na mikono, nikazunguka kisiki polepole, Salim akichota mchanga kwa ndoo. Kule ardhi si ya kina, ukichimba kidogo unakutana na mwamba. Chini ya urefu wa mkono nikagusa pagumu. Nikapangusa. Kisiki hakikuwa kimekaa juu ya mwamba. Kiliingia ndani yake. Fundi alikuwa amechonga tundu la mraba kwenye mwamba wenyewe, na jiwe likawa na ulimi unaoingia humo, kama mguu wa kiti unavyoingia kwenye kikalio.

Salim akapiga kofi la furaha. Lakini Abu Saleh hakuyumba.

"Tundu kila mtu anaweza kuchonga," akasema. "Yeye marehemu alikuwa na mafundi. Alilisogeza, akachongesha tundu jipya."

Muhandis akakuna kichwa. Kwa upande wa vipimo alikuwa amefika mwisho: mashine humwambia jiwe liko wapi, haimwambii limekaa hapo tangu lini. Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti, nimeshika kisiki, tumeshakitoa ili tuone tundu. Kidole changu kikapita kwenye ulimi wa jiwe, kikakwama kwenye kitu chembamba kama unywele.

Nyumbani kwetu Tabaka, wachongaji wanne wakiwa chini ya banda moja, ukiokota kigae chochote pale chini unajua ni nani amekikata. Tindo ni kama meno ya mtu. Tindo ya baba yangu ilikuwa na pengo dogo karibu na ncha ya kushoto, hakuwahi kulinoa likaisha, basi kila alipopitisha iliacha mstari mwembamba uliosimama, jiwe ambalo pengo halikuweza kulila. Wanunuzi hawakuuona. Mimi ningeijua kazi ya baba yangu gizani.

Nikainama nikatia kidole kwenye tundu la mwamba. Ukuta wa kwanza, hakuna. Wa pili, nikaupata. Mstari ule ule. Nikapima kwa ukucha kutoka ukingo wa pigo la tindo: upana wa punje ya mchele. Nikarudi kwenye ulimi: punje ya mchele. Nikatambaa kwa magoti hadi kwenye jiwe kubwa lililolala, nikapitisha kidole kati ya herufi, pale fundi alipochimba ili herufi zisimame.

Ulikuwepo. Chini ya kila neno, mstari mwembamba uliosimama, punje ya mchele kutoka ukingoni.

"Muhandis," nikasema, "naomba kuongea."

Mjue, mimi ni mshika fimbo. Mshika fimbo haongei mbele ya wenye mashamba. Lakini Idris aliitikia kwa kichwa, nami nikaeleza, Salim akinitafsiria maneno yaliponipungukia. Nikasema aliyechonga maandishi haya alikuwa na tindo yenye pengo. Aliyechonga ulimi huu alikuwa na tindo hiyo hiyo. Na aliyechonga tundu hili kwenye mwamba ambao haubebeki, alikuwa na tindo hiyo hiyo. Ni mtu mmoja, kwa chombo kimoja. Kama maandishi ni ya wakati wa babu, basi na tundu ni la wakati wa babu. Jiwe halijawahi kusogea hata upana wa punje.

Abu Saleh alimpa Salim bakora yake, akakunja kanzu yake nyeupe, akapiga magoti mchangani kando yangu. Mzee wa watu. Nikamshika mkono nikamwongoza kidole: hapa kwenye herufi, hapa kwenye ulimi, hapa kwenye tundu. Alirudia peke yake mara ya pili, kisha ya tatu, kwa ukucha, macho amefumba. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi zake.

Alipoinuka alikuwa na mchanga magotini na hakuupangusa. Akatazama mitende, akatazama uzio. Hatimaye akasema, bila kumtazama mama usoni, "Umm Hamad, kuna kahawa?"

"Ipo," mama akajibu. "Ipo tangu siku ulipoacha kuja."

Tuliwaacha waende mbele. Salim akaninong'oneza, "Mzee, tuseme tu ukweli, hapa tumshukuru nzi." Nikamwambia anyamaze, lakini nilikuwa nacheka kiasi cha kulazimika kukaa chini.

Sasa msidhani mambo yaliishia kwa kupigiwa makofi. Kazini nilipewa barua ya onyo, na niliistahili. Salim naye alipewa, nikaenda kumtetea kwa mkubwa nikaambiwa nitoke. Mkataba mpya ulisainiwa siku ya mwisho kabisa, baada ya Muhandis kwenda ofisini mara tatu. Na jiwe lenyewe lilikuwa jiwe la kihistoria, halishikwi ovyo. Watu wa mambo ya kale walikuja, wawili, na miwani na brashi zao. Walikuwa wakali kwangu mpaka Umm Hamad akawaambia kwamba atakayelirudisha ni yule aliyeliangusha, na asiyetaka aende zake. Wakakubali kwa sharti kwamba wanasimama pale wakitazama. Walinifundisha jambo: hakuna saruji. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lile, ingelipasua upya. Tulitumia chokaa na unga wa mawe ya pale pale, na ndani fito mbili za chuma kisichoshika kutu. Tulizirudisha nyuzi zetu kwenye vigingi vinne, tukashusha timazi. Kisiki kikaingia kwenye tundu lake kwa sauti ya kizibo. Jiwe lilipopanda juu yake, ncha ya timazi ilisimama katikati yake bila kutetemeka, na Muhandis Idris, ambaye sijawahi kumsikia akisifu kitu, alisema, "Safi." Mpaka leo sijui alimaanisha jiwe au mimi.

Nilitaka kuufunika ule ufa usionekane. Umm Hamad akakataa. Akasema uachwe, kila mtu mzima ana mahali alipovunjika.

Sasa basi, uzio. Miezi kadhaa baadaye tulirudi pale kwa vipimo vya mwisho, vile vinavyoingia kwenye ramani yenyewe. Nilipofika kwenye kona nikashangaa. Hatua mbili kutoka kwenye jiwe, waya ulikuwa umekatwa na kukunjwa vizuri pembeni, pengo la upana wa mtu mmoja, na mchanga umekanyagwa ukawa mgumu. Nikafuata zile nyayo kwa macho. Zilitoka mlangoni kwa Abu Saleh, zikapita pengoni, zikaenda moja kwa moja hadi baraza la Umm Hamad. Na wenyewe walikuwa wamekaa pale kivulini, birika katikati, wanabishana kwa sauti kuhusu mbuzi wa nani amekula majani ya nani. Walituona wakatupungia mkono na kuendelea kubishana.

Mkaguzi kijana kutoka ofisini alikuwa nasi siku hiyo. Akalitazama lile pengo, akatazama karatasi zake. "Muhandis, mpaka wa mashamba mawili lazima ufungwe. Hapa uzio umekatika. Niandike nini?"

Idris akatoa penseli. Alifikiri kidogo. "Hapajakatika," akasema. "Chora njia."

Basi kwenye ramani ya eneo lile, kando ya alama ndogo ya mraba inayomaanisha jiwe, kuna mstari mwembamba wa nukta unaokatiza mpaka. Hauna jina. Una mita sabini na moja. Mimi ndiye niliyeushikia fimbo, mwanzo na mwisho, na mwishoni nikapewa kahawa.